Lima Hopi Kisauni: Mwongozo kwa Asiyesikia la Mkuu

Kuna watu ambao bia ya baa haiwatoshi tena. Si kwamba wameikinai, la, wamesoma. Wamegundua kwamba uchungu ule wa bia na harufu yake ya maua hutokana na hopi, mmea utambaao ambao maua yake ya kike, madogo ya kijani, yamepangana magamba juu ya magamba. Tena wamegundua kwamba huko nchi za watu mtu huutambaza ukutani mwa nyumba yake, akachuma mwenyewe, akapika mwenyewe, akanywa mwenyewe, na majirani wakamsifu. Basi nao wametazama kibaraza chao cha Mwandoni, au uwanja wa nyuma kule Mtongwe, au kile kipande kilichobaki kati ya choo na ukuta huko Chaani, wakaona nafasi ipo.

Mwongozo huu ni wao. Wakubwa wamekwisha kuwaambia haiwezekani, nao hawakusikia, kwa hiyo sina haja ya kurudia. Kazi yangu ni kuwaonyesha pa kuvunjikia guu, ili angalau wavunjike kwa utaratibu.

Rekebisha jua

Hopi ni mmea wa nchi zenye majira manne. Makao yake ni kati ya latitudo ya 35 na ya 55: Hallertau kule Bavaria, Žatec katika Jamhuri ya Czech, Kent ya Uingereza, bonde la Yakima nchini Marekani. Mombasa iko latitudo ya 4. Umekosea kwa digrii 31 tu, usife moyo.

Kwa miaka mingi wakulima walishikilia kwamba mizizi ya hopi sharti ilale kwenye baridi kali wiki kadhaa ndipo mmea uchanue. Kwa sharti hilo wengi wetu tungefunga daftari, maana baridi ya Mombasa ni ile ya Julai, mtu anapovaa sweta kwenye nyuzi 24 na kulalamikia mifupa. Lakini mwaka 2019 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, William Bauerle, alichapisha utafiti unaoonyesha kuwa hopi inaweza kuchanua bila kulazwa baridini. Piga vigelegele. Ukimaliza, rudi tuzungumze habari ya mwanga.

Hopi hutaka mchana mrefu, wa saa 15 na zaidi, ili irefuke kwanza. Mchana ukianza kupungua ndipo huchanua. Ukiipa mchana mfupi tangu mwanzo inadhani msimu umekwisha, inachanua ingali kimo cha mtoto wa chekechea, na mavuno yake yote yanaenea kiganja kimoja. Mchana wetu sisi ni wa saa 12 hivi, ukizidi au kupungua dakika chache, Januari hadi Desemba. Adhana ya Magharibi haihami zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima. Ni mpango mzuri sana kwa anayefunga Ramadhani, na mbaya sana kwa anayelima hopi. Huenda hilo si bahati tu.

Dawa ipo. Wabrazili wanaolima hopi huwasha taa shambani jioni ili kuuhadaa mmea. Afrika Kusini, katika eneo la George, nao waliwahi kutumia taa, hadi zikazalishwa aina za kwao zinazovumilia mchana mfupi zaidi. Na George iko latitudo ya 34, wala haituhusu kwa ujirani. Nunua taa, basi. Jua likizama washa, zima kama saa nne usiku, kila siku kwa miezi. Stima ikikatika (nasema ikikatika kana kwamba pana shaka) mmea utaamini msimu wa kufunga kazi umewadia, na huwezi kuurudia ukauambia ilikuwa hitilafu ya laini.

Hata hivyo taa hiyo haitakosa faida. Watoto watakuja kufanyia kazi ya shule chini yake, wazee wataleta bao, na mvua ikinyesha kumbikumbi watajaa. Utakuwa na mmea wa kwanza Kisauni wenye baraza.

Leta mche, na umjue jike

Mmea hai hauingizwi nchini mkobani. KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua afya ya mimea, hutaka kibali cha kuuingiza kabla haujaondoka ulikotoka, na cheti cha afya kutoka nchi hiyo. Usijaribu kuupitisha uwanja wa ndege wa Moi ndani ya soksi. Ni fedheha kunaswa Port Reitz wakati nyumbani Chaani ni mwendo wa tuktuk.

Tena usiagize mbegu. Hopi ni kama mpapai: ina dume na jike. Kila aliyewahi kumwagilia mpapai mwaka mzima, kisha ukamchanulia vishada virefu visivyozaa kitu, anaijua hasira ninayoisema. Bia hutaka jike peke yake. Dume likiwa karibu maua hushika mbegu na thamani yake hushuka, ndiyo maana katika mashamba mengi dume hung'olewa likionekana. Agiza kipande cha mzizi wa jike.

Sasa kuna jambo la ukoo ambalo ni bora ulisikie kwangu kuliko kituoni. Hopi na bangi ni jamaa wa ukoo mmoja wa mimea. Ukitazama kwa utulivu majani yao hayafanani sana: la hopi ni pana, lina ncha tatu au tano na kingo za msumeno, na la bangi limegawanyika vidole. Lakini askari wa doria hatazami kwa utulivu. Yeye anaona mmea mgeni, mrefu, wenye utomvu unaonukia, umefichwa nyuma ya nyumba na kuwashiwa taa usiku. Na ukimjibu, "Huu ni wa kupikia pombe, afande," hutakuwa umejisaidia. Utakuwa umemwongezea shtaka la pili.

Kabla ya askari atafika mzee wa mtaa.

"Kijana, mti gani huu?"

"Hopi, mzee."

"Unatibu nini?"

Hapo fikiri haraka. Ulaya watu walikuwa wakijaza hopi kavu ndani ya mto wa kulalia ili wapate usingizi. Kwa hiyo ukijibu, "Usingizi, mzee," umesema kweli tupu, na umejimaliza. Kabla ya Ijumaa majani yote ya chini yatakuwa yamechumwa, na mama wa chumba cha nne atakuja taratibu, leso imefunika nusu ya uso, kukuuliza kama yanafaa pia kwa kisukari. Imamu asipouliza, usimtafute kumweleza.

Mahali pa kupandia

Hopi iliyoshiba hupanda mita 5 au 6, hata zaidi, kwa msimu mmoja, ikijizungusha kwenye kamba kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Nyumba yako ya mabati haifiki huko. Wenzetu husimamisha nguzo ndefu, wakatandika waya juu, kisha wakateremsha kamba moja moja hadi chini. Na kamba zenyewe ni za nini? Usumba. Mashamba ya Yakima hununua kamba za usumba zinazosokotwa Sri Lanka, kwa sababu zinakwaruza, na mmea hujishikiza nazo. Yaani hopi inayosifiwa dunia nzima hupanda kwa msaada wa makumbi ya nazi, na wewe unayeyaruka kila asubuhi ukienda stejini ndiyo kwanza unasikia.

Nguzo tafuta boriti. Bei yake kamuulize anayeuza; mimi nina moyo dhaifu.

Maji: mengi, kila siku. Bei ya mtungi wa lita 20 unaijua wewe na msukuma mkokoteni wako. Udongo: mchanga wetu haushiki kitu, tia samadi usichoke. Masika ikianza Aprili, ukungu utashika majani, na huo hata wakulima wa Ulaya unawatoa machozi, tena wao hawana unyevu wa bahari. Mbuzi: zungushia ua. Mbuzi wa Likoni wamekula mabango ya uchaguzi wa vyama vyote, hawatashindwa na mgeni mmoja.

Ila usithubutu kufunga kamba yako kwenye mnazi wa jirani. Mnazi huo una mwenyewe, na juu yake kuna mtu kazini.

Subiri

Mwaka wa kwanza hopi hujenga mizizi, na maua yake yanatosha kupigwa picha tu. Huanza kutoa sawasawa mwaka wa tatu. Muda unao, kwa hiyo nashauri uupitishe chini ya mnazi huo niliokutajia, ukitazama mtu anayejua analofanya.

Mgema hupanda alfajiri kwa vidato vilivyochongwa shinani, kibuyu ubavuni, kotama kiunoni. Kule juu amekwisha kuteua kole changa lililo bado ndani ya karara. Amelifunga kwa ukuti lisipasuke, na kwa siku kadhaa amekuwa akiliinamisha kidogo kidogo, kwa subira ya mtu anayemshawishi mkwe. Kila apandapo huikata ncha kipande chembamba sana, kiasi ungeweza kuona mwanga kupitia kwake, kisha huning'iniza kibuyu chini ya jeraha. Jioni hupanda tena, akateremsha, akakata tena. Akiruka siku, jeraha hujifunga na utomvu hukoma. Kotama hunolewa mpaka kunyoa ndevu; usimwombe akuazime ukakatie kuku.

Utomvu unapodondoka ni mtamu na hauna kileo. Lakini chachu ya asili imo kibuyuni na imo hewani, na kuchacha kunaanza papo hapo. Saa chache baadaye ni tembo la kama asilimia 4, sawa na bia nyepesi. Hakuna aliyepika, hakuna aliyepima joto, hakuna aliyewasha taa. Kesho yake limekuwa kali la kukunja uso, na baada ya hapo ni siki ya kuwekea achari.

Mnazi mwingi unaonyweka Kisauni hutoka Kilifi, hasa Kaloleni na Rabai. Likoni wanasogea pia upande wa Kwale. Huingia asubuhi kwa mitungi, povu limejaa mdomoni, na kifuniko kimelegezwa kwa makusudi, maana ukikikaza kitaruka na kumchagua abiria mwenye shati jeupe. Mangweni utapewa mboko na mrija wenye kichujio nchani, usije ukameza nyuki. Kaa. Sikiliza. Utasikia kesi ya shamba, kesi ya talaka na uchambuzi wa ligi ya Uingereza kwa kikao kimoja. Usidhani huo ni umbeya tu: mwaka 1972 mwanaanthropolojia David Parkin alichapisha kitabu kizima, *Palms, Wine, and Witnesses*, kuhusu Wagiriama, minazi yao, na wazee ambao ushahidi wao ndio uliotegemewa shamba likigombaniwa. Na mpaka leo Umijikendani mtu hatumi posa mikono mitupu. Kadzama ya mnazi hutangulia mbele ya maneno.

Ukipenda ulichokunywa, usimsifu mgema hadharani. Methali imeshatuonya atakavyolifanya tembo la kesho. Mwambie, "Leo limepoa kidogo, kaka," nawe utaletewa la maana.

Vuna, kausha, pika

Tuseme Mungu amejalia. Mwaka wa tatu umefika, taa haijaungua, mbuzi amehamia Mtwapa. Finya ua moja: likiwa limeiva huchakarika mkononi, na ukiliachia hurudia umbo lake. Lipasue katikati, utaona unga wa manjano unaonata, wenye harufu ya kupanda puani. Hiyo ndiyo hopi yenyewe. Mengine yote ni vazi.

Sasa ukaushe. Ua bichi zaidi ya robo tatu yake ni maji, na linatakiwa kubaki na kama sehemu moja ya kumi. Usilianike juani, harufu itapotea. Usilipashe kupita nyuzi 60, itapotea vilevile. Kent walijenga majumba maalumu ya kukaushia hopi, yenye mapaa marefu yaliyochongoka, na siku hizi wenye fedha wameyageuza makazi yao. Wewe una chandarua na chumba ambamo hata chumvi huloa ndani ya kopo. Tandaza maua kwenye chandarua, washa feni, na uombe Kaskazi ivume kwa adabu.

Kupika ni rahisi ukilinganisha na hayo. Ndoo ya lita 20 hutaka kama gramu 30 hadi 60 za hopi kavu. Utahitaji kimea cha shayiri; shayiri ya Kenya hulimwa Narok na Timau, huko juu kwenye baridi, maana hata nusu hii ya bia ilitukataa sisi wa pwani. Chemsha maji ya kimea pamoja na hopi saa nzima kwenye sufuria la biriani la mama mkwe, ambaye usimwambie. Kisha poza uchachushe. Bia za aina ya laga huchacha kwenye nyuzi 8 hadi 13, kiwango cha joto ambacho Changamwe hupatikana ndani ya friji ya muuza samaki tu. Lakini wakulima wa magharibi mwa Norwe wametunza tangu zamani chachu iitwayo kveik, inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40. Watu wa barafu ndio waliotuwekea chachu ya joto, wakati sisi wa joto tunahangaika na mmea wa barafu.

Kabla ya kuwasha jiko, soma Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wanywaji huiita kwa jina la Mututho, mbunge wa Naivasha wa wakati huo. Watu wengi huikumbuka kwa saa za baa kufungwa. Wewe ikumbuke kwa leseni: inamtaka awe nayo hata anayetengeneza, si anayeuza peke yake.

Swali ulilopaswa kuanza nalo

Hopi ni ya nini hasa? Karne ya 12, mtawa Hildegard wa Bingen, Ujerumani, aliandika kwamba hopi huzuia kinywaji kisiharibike. Mwaka 1516 kanuni ya Bavaria ikaamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopi na maji, basi. Uchungu watu waliuzoea njiani, wakaupenda. Kazi kubwa ya hopi ilikuwa kuiwezesha bia ikae pipani, isafiri, imsubiri mnunuzi. Ni mmea wa biashara ya masafa. Ndugu wa Hurst walipoanzisha Kenya Breweries Nairobi mwaka 1922 (mmoja wao, George, aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, ndiyo asili ya jina la bia ya Tusker) walihitaji bia itakayopanda gari moshi na kufika ikiwa bado bia. Mnazi hauna safari ya namna hiyo. Umegemwa Kaloleni alfajiri, jioni umekwisha Mlaleo, na hakuna cha kuhifadhi.

Kama ni uchungu tu unaoutaka, Afrika Mashariki haijawahi kuukosa. Wachaga hutia gome la msesewe kwenye mbege, na Waethiopia wana gesho yao kwenye tela na teji. Atatokea mtu akupendekezee mwarobaini, kwa kuwa umejaa kila kona ya Mombasa na ni bure. Mshukuru, kisha usionje atakachopika.

Lakini nahisi uchungu siyo shida yako. Enzi za mkoloni Mwafrika alikatazwa bia ya chupa kwa miaka mingi, na siku alipofunguliwa mlango, chupa ikawa ustaarabu na kibuyu kikawa ushamba. Hatujapona. Ndiyo maana mtu yuko radhi kuhamisha jua la Kisauni ili anywe kitu chenye lebo aliyoichora mwenyewe, huku akipita mangweni ameziba pua.

Hesabu za mwisho ni hizi. Mmea mmoja uliokomaa ukikupa nusu kilo ya hopi kavu, kwa gramu 50 kila ndoo umepata ndoo 10, yaani lita 200 za bia, baada ya miaka mitatu ya taa, mitungi, boriti na maelezo kituoni. Hopi kavu huuzwa tayari kwa pakiti za gramu, na mpishi yeyote wa bia mwenye akili hununua hiyo. Fanya hivyo. Na kile kipande cha ardhi kati ya choo na ukuta, kama bado kinakuwasha, panda mnazi mfupi. Huanza kuchanua baada ya miaka mitatu au minne, na hauhitaji taa.